Upande wa Marehemu

Wade Pruitt alizikwa Jumamosi, na Jumatatu kaka yake akashtakiwa kwa kumuua.

Habari hiyo waliletewa nyumbani. Mwanamke kutoka ofisi ya mwendesha mashtaka aligonga mlango wa jikoni asubuhi, amevaa koti zuri, viatu vimejaa tope jeusi la uani. Alijitambulisha kuwa anaitwa Corliss Bane, na kwamba kazi yake ni kuwashika mkono watu waliofiwa. Oleta Pruitt akamvutia kiti. Mezani bado kulikuwa na mabakuli ya majirani yaliyoletwa msibani, mengine hayajafunuliwa. Mumewe Verlin alibaki amesimama kando ya jiko, kofia mkononi, kama mgeni katika nyumba yake.

Corliss alieleza polepole, kwa sauti ya mtu aliyezoea kueleza. Kwa sheria ya Missouri, mtu akifa wakati watu wanaiba, au wakati wanakimbia baada ya kuiba, kifo hicho kinahesabiwa mauaji, na walioshiriki wizi huo wakabaki hai ndio wauaji. Haijalishi kwamba hakuna aliyetaka mtu afe. Wala haijalishi kama aliyekufa alikuwa mmoja wa wezi wenyewe.

"Kwa hiyo ninyi," alisema, "ni familia ya aliyeuawa. Mna haki zenu. Mtaarifiwa kila hatua. Mtakuwa na mahali penu pa kukaa mahakamani, na mkitaka mtasikilizwa."

Oleta alimtazama usoni. "Na familia ya aliyeua ni ipi?"

Corliss alifungua mkoba wake, akatoa kijitabu chenye picha ya mshumaa kwenye jalada, akakiweka katikati ya mabakuli. Alisema anajua hali yao ni ngumu. Alipoondoka, Verlin alikichukua kijitabu kile, akakipindua mbele na nyuma bila kukisoma, akakipachika juu ya kabati, pale wanapoweka vitu wasivyojua wavifanyie nini.

Kilichotokea kilijulikana mji mzima, au mji mzima ulidhani unakijua. Msimu ule kiwanda cha kuchambua pamba kilifunga mapema, na Lonnie, mkubwa, hakuwa na kazi tangu majani ya pamba yakauke. Wade alikuwa ndio kwanza amemaliza shule. Alfajiri moja ya ukungu walichukua pikapu ya nyumbani, wakaenda shambani kwa Burl Teague, wakaanza kukata nyaya za shaba kwenye mtambo wake wa kumwagilia mpunga. Teague aliamka kulisha mbwa, akaona mwanga wa tochi ukichezacheza shambani, akapiga simu. Gari la polisi wa kaunti liliingia kwa njia ya tuta. Vijana wakatupa nyaya, wakarukia pikapu, wakaondoka taa zimezimwa.

Nchi ile ni tambarare kama meza, na maji yake yote yanapita katika mifereji iliyochimbwa na babu zao walipokausha kinamasi. Kila barabara ina mfereji ubavuni. Mahali ambapo njia ya tuta inapinda, pikapu haikupinda. Askari aliyekuwa nyuma yao alisikia kishindo, kisha kimya. Alipofika ukingoni alimkuta Lonnie ndani ya maji hadi shingoni, amekishika kichwa cha mdogo wake juu ya maji, anamsemesha. Wade alikuwa ameshakufa.

"Mimi ndiye niliyekuwa naendesha," Lonnie alimwambia askari. Hakuulizwa. Akalirudia neno hilo alipovutwa ukingoni, akalirudia ndani ya gari, akalirudia tena mbele ya mpelelezi, akitetemeka ndani ya blanketi. Wakaliandika.

Oleta peke yake alijua kwamba si kweli.

Alikuwa amelijua tangu siku alipomvalisha Wade nguo za kuzikiwa. Mwenye nyumba ya mazishi alimsihi amwachie kazi hiyo, akakataa. Alisema alimvalisha nguo za kwanza na atamvalisha za mwisho. Alipofunua shuka aliona alama kifuani, ya rangi ya zambarau, imepinda kutoka bega hadi bega kama mwezi mchanga. Alikuwa ameiendesha pikapu ile miaka mingi, kwenda kazini kwenye jiko la shule na kurudi. Aliweka kiganja juu ya alama hiyo, na kiganja chake kikautambua usukani.

Mwenye nyumba ya mazishi aligeukia dirishani. Oleta akafunga vifungo vya shati mpaka kile cha juu kabisa, ambacho Wade hakuwahi kukifunga maishani mwake, akamchania nywele, akatoka nje. Hakumwambia mtu. Alijiambia kwamba aliye hai ana mdomo wa kujitetea, na aliyekufa hana ila mama yake.

Mahabusu ilikuwa nyuma ya mahakama. Siku ya kwanza ya kumwona Lonnie, mashine ya ukaguzi ililia Oleta alipopita. Akarudishwa, akavua mkanda, akapita, ikalia tena. Askari wa kike, msichana aliyekuwa akila kwenye mikono yake pale shuleni si miaka mingi iliyopita, alimwambia kwa sauti ya chini kwamba ni waya wa sidiria, na kwamba akitaka kuingia itambidi aivue. Oleta akaivulia chooni, akaikunja ndani ya mkoba, akapita mbele ya wanaume waliokuwa wakisubiri, amekumbatia kifua chake.

Lonnie alikuwa upande wa pili wa kioo, na simu ukutani. Juu ya simu palikuwa na bango linalosema mazungumzo yote yanarekodiwa. Alikuwa amekonda, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyetoka kuogelea.

"Mzee yupo?" aliuliza.

"Yuko nje."

Hakuwa nje. Alikuwa nyumbani, na Lonnie alijua.

"Mama, unalala?"

"Nalala kidogo. Wewe je?"

"Nikifumba macho tu, anagonga." Aliinua mkono, akagonga kioo kilichokuwa kati yao kwa kifundo cha kidole, taratibu, kama mtu mwenye adabu anayeomba kufunguliwa. "Hivi. Hakuwa anapiga, Mama. Alikuwa anagonga hivi. Mimi nilikuwa nimeshatoka. Maji yalikuwa meusi, simwoni, nasikia tu."

Oleta alionyesha bango la juu ya simu. Lonnie akatikisa kichwa. Akasema waache wasikie, kusikia mtu akigonga si kosa wanaloweza kumwongezea.

"Lonnie. Nilimvalisha nguo mimi mwenyewe."

Uso wake ukabadilika, mama akauona ukibadilika.

"Niliona kifua chake."

"Usiseme, Mama."

"Nakuuliza tu."

"Mimi ndiye niliyemwamsha. Alikuwa amelala zake. Akasema kuna baridi, nikamvuta mguu, nikamcheka, nikamwambia ni mtoto wa mama. Akaamka kwa sababu ya hilo neno." Alibadilisha mkono wa kushika simu. "Hayo mengine hayana maana yoyote."

Nyumbani Oleta aliacha kujaza maji kwenye sinki. Aliosha vyombo chini ya bomba linalotiririka, kwa sababu maji yaliyotulia yalimfanya asikilize. Alipokwenda kazini aliendesha gari katikati ya barabara, mbali na mfereji, na watu waliokuja mbele wakampigia honi. Siku za ukungu hakwenda kabisa. Verlin naye alikaa kwenye kitanda cha Wade akitazama ukuta, na Oleta alipomwita kula alisema anakuja, akakaa. Jina la Lonnie halikumtoka. Alisema "yule." Siku moja Oleta alimuuliza kama hatakwenda kumtazama yule, naye akajibu kwamba ana mtoto mmoja tu wa kumtembelea, na anamtembelea kila Jumapili, na haombwi avue kitu chochote mlangoni.

Burl Teague alikuja kabla ya Krismasi na paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi, limefungwa kitambaa. Alisimama ngazini, hakutaka kuingia. Alisema amekuja kuwaambia kwamba nyaya zile hazikuwa kitu, bima ingezilipa, na kwamba angejua ni watoto wao asingepiga simu. Angeshuka shambani mwenyewe, angewafokea, basi.

"Ungewajua," alisema Oleta.

"Naam. Ningewajua."

"Na wangekuwa watoto wa mtu mwingine?"

Teague alitazama viatu vyake. Oleta alilipokea lile paja, akamshukuru, akafunga mlango. Halikuliwa. Lilikaa barazani mpaka Verlin akaliondoa bila kusema alikolipeleka.

Wakili wa Lonnie alikuwa wa kupewa na serikali, msichana aitwaye Renita Oakley, mwenye mafaili mengi kuliko meza yake. Alimweleza Oleta kwamba mwendesha mashtaka ametoa pendekezo. Lonnie akikiri mauaji, jaji atampa kifungo kati ya miaka kumi na kumi na mitano. Akikataa, wananchi kumi na wawili wataisikiliza kesi, na wakimwona na hatia anaweza kufungwa maisha. Lonnie alikuwa tayari kukiri. Kwa kweli alikuwa tayari tangu siku ile ukingoni.

Hapo ndipo Oleta alipomwambia kuhusu alama. Alisema yote kwa pumzi moja, akimwangalia yule msichana, akisubiri uso wake ufunguke. Renita aliweka kalamu chini. Akavuta kiti chake kutoka nyuma ya meza, akaja kukaa karibu.

"Bibi Pruitt, sheria haiulizi nani alikuwa kwenye usukani."

"Lakini hakuendesha yeye."

"Najua unachosema. Nakuamini. Lakini waliiba pamoja, wakakimbia pamoja, na mmoja akafa katika kukimbia. Lonnie angekuwa amekaa pembeni amefumba macho, ingekuwa vilevile."

Oleta alifikiri. "Kwa hiyo Wade aliendesha, Wade akaingia mferejini, Wade akafa. Na Lonnie ndiye aliyemuua."

"Mahakamani watalisema kwa maneno marefu zaidi," alisema Renita. "Lakini ndiyo."

Kulikuwa na tundu dogo tu. Jaji, katika kuchagua kati ya kumi na kumi na tano, anaweza kuangalia nani alifanya nini. Renita alikuwa amekwishamuuliza Lonnie swali hilo, kwa sababu ripoti ya daktari ilimtia shaka, na Lonnie alimwambia kwamba akithubutu kulisema atasimama mbele ya jaji aseme wakili wake ni mwongo. Wakili hawezi kusema asilotaka mteja wake. Mama wa marehemu, kwa upande mwingine, ana haki ya kusema, na hakuna wa kumzuia.

Oleta alimweleza mumewe jioni ile, wakiwa wanakula. Verlin aliacha kutafuna. Alimuuliza tangu lini amelijua jambo hilo, akajibiwa. Alisogeza sahani.

"Usiende kumchafua mtoto aliye chini ya udongo," alisema.

"Na aliye juu yake je?"

"Huyo ataoga. Akitoka ataoga, atatembea, atakunywa kahawa. Wade hana kingine zaidi ya jina lake. Mji huu unamwonea huruma sasa. Ukisema, watasema mwizi alijiua mwenyewe."

Oleta hakubishana, kwa sababu kila neno la Verlin alikuwa amekwishajiambia mwenyewe. Alikusanya vyombo, akafungua bomba.

Siku ya hukumu Corliss alimpokea mlangoni, akamshika kiwiko, akampeleka benchi la mbele upande wa kulia, nyuma ya mwendesha mashtaka. Alikuta boksi la karatasi za kufutia machozi limewekwa tayari, na beji ndogo yenye picha ya Wade ya kumaliza shule, iliyotengenezwa na ofisi. Corliss akambandikia kifuani. Upande wa kushoto, nyuma ya Lonnie, benchi lilikuwa tupu. Verlin aliingia mwisho, akatazama kulia, akatazama kushoto, akakaa karibu na mlango mahali pasipokuwa pa mtu.

Lonnie alikiri. Jaji alimuuliza kama anaelewa kosa analokiri, akasema anaelewa, alimuua mdogo wake. Kisha jina la Oleta likaitwa.

Alisimama. Alikuwa ameandika kitu, hakukitoa.

"Nimeambiwa niseme nimepoteza nini," alisema. "Wade alikuwa anapenda mikate ya mahindi iliyoungua chini. Nilikuwa naiunguza makusudi. Hicho ndicho nilichopoteza, na vingine kama hicho." Alishika ubao wa kizuizi uliokuwa mbele yake. "Nilimvalisha mwenyewe kwenda kaburini. Kifua chake kilikuwa na alama ya usukani, Mheshimiwa. Daktari wenu aliiona. Wade ndiye aliyekuwa anaendesha."

"Mama, hapana," alisema Lonnie, na askari akamwekea mkono begani.

"Kaka yake amewaambia ni yeye, kwa sababu hakutaka mumcheke mtoto wangu. Hata mimi sikutaka. Nimekaa kimya nikamwacha huyu aliye hai aubebe. Najua haibadilishi kosa, nimeelezwa. Lakini mnahesabu miaka, na mimi naomba msihesabu ile ya uongo."

Jaji alivua miwani. Alisoma karatasi ya daktari, akauliza mawakili maneno mawili matatu. Alisema katika kazi yake hajapata kuona kesi inayomsikitisha namna hii, na kwamba sheria hakuitunga yeye. Akatoa miaka kumi na miwili.

Oleta alirudi kukaa. Corliss alikuwa amesogea kidogo kwenye benchi, na boksi la karatasi alikuwa amesogea nalo. Lonnie alipotolewa alipita karibu kabisa na mama yake. Hakumtazama. Alikuwa amempa mdogo wake kitu kimoja tu alichobaki nacho, na mama amekichukua mbele ya watu.

Lile alilolihofu Verlin lilitokea. Dukani watu walinyamaza Oleta alipoingia, si kwa huruma tena. Mtu mmoja aliandika neno "mwizi" kwa kidole kwenye vumbi la kioo cha gari lao. Verlin aliliona kwanza. Alilifuta kwa mkono wa shati, akaendesha mpaka nyumbani, akakaa ndani ya gari mpaka mkewe akamfuata.

Gereza lilikuwa kaskazini, mbali. Mara ya kwanza Oleta alipoomba kumtembelea Lonnie alikataliwa. Sauti ya simu ilimweleza kwamba mfungwa haruhusiwi kuwasiliana na familia ya aliyemuua, kwa usalama wao, na jina la Oleta limo katika orodha ya wanaolindwa. Alisema yeye ni mama yake. Sauti ikauliza ni mama wa nani kati yao. Ili aruhusiwe ilimbidi ajaze karatasi ya kuomba aondolewe katika orodha ya waliofiwa na Wade. Aliandika, akaandika tena, na kufikia majira ya kupanda pamba jibu likaja.

Verlin alimwendesha. Hakusema kwa nini, na Oleta hakuuliza. Jina la Verlin lilikuwa bado katika orodha. Alizima injini katika uwanja wa magari, akasema atasubiri.

Ndani hapakuwa na kioo. Lonnie alikuja, wakakumbatiana kwa muda unaoruhusiwa, wakakaa meza ndogo. Alikuwa amenyolewa, na mabega yake yameinama kama ya mtu mzima. Kwa muda walizungumza juu ya chakula. Kisha akasema kwamba alimkasirikia. Mama akasema anajua.

"Watu wanasemaje kuhusu Wade?"

"Wanasema aliendesha vibaya."

Lonnie alitikisa kichwa polepole. "Hapana. Aliendesha vizuri, Mama. Ukungu ulikuwa kama ukuta. Mimi nilikuwa napiga kelele, twende, twende. Yeye hakuondoa gari. Askari yuko nyuma yetu, na yeye ameshika usukani ananiambia, vaa mkanda. Hakuondoka mpaka nikavaa."

"Na yeye?"

"Hakupata nafasi."

Walishikana mikono juu ya meza mpaka askari akasema muda umekwisha.

Nje jua lilikuwa kali. Verlin alikuwa ameteremsha vioo vyote vya gari. Oleta aliingia, akafunga mlango, na alipoona mumewe haulizi, akamwambia mwenyewe. Alimweleza juu ya mkanda, neno kwa neno.

Verlin alishika usukani kwa mikono miwili.

"Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo," alisema mwishowe. "Abiria kwanza. Nilimwambia asiguse gia mpaka aliye pembeni yake amefunga." Alitazama lango la gereza, waya wake, mtu aliyekuwa akifagia mbele yake. "Nilimfundisha Lonnie kwanza. Lonnie alikuwa hasikii. Wade ndiye aliyesikia."

Oleta hakumgusa. Alimngoja.

"Anakula?"

"Anakula."

"Ile karatasi ya kujitoa," alisema Verlin. "Inatolewa wapi?"

Oleta alimwonyesha mlango mdogo kando ya lango, na dirisha la karani. Verlin alishuka. Alijua leo hawatamruhusu, alijua majibu yake yatachukua miezi. Alivua kofia kabla hajafika, akaenda kusimama kwenye foleni, nyuma ya wanawake.